Jim Stynes: je, kosa la mwaka 1987 lilitokana na malezi yake ya mpira wa Kigaeli?

Baba Wawili, Footscray

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba msaada wa wale wanaoufahamu mpira wa Kigaeli, yaani ule wa Ayalandi, kwa sababu nimejikuta nikibishana na mwanangu wa miaka 11 na hoja zimeniishia.

Mimi ni mtu wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Melbourne, na kijana wangu amejiunga na timu ya watoto inayocheza mpira wa Australia, ule wenye umbo la yai. Jumamosi iliyopita timu pinzani ilipewa mpira wa adhabu, na kijana wangu, badala ya kuganda pale mwamuzi alipomwonyesha, alimwona mpinzani mwingine akichomoka, akamkimbilia na kukatiza mbele ya mpigaji. Mwamuzi akapuliza filimbi, akausogeza mpira karibu na lango, wakafungwa. Mtoto alilia. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama kando ya uwanja akamshika bega na kumwambia asijali, kwa kuwa Jim Stynes wa klabu ya Melbourne naye alifanya vivyo hivyo mwaka 1987 katika mechi iliyokuwa kubwa mara elfu, na leo sanamu yake imesimama nje ya uwanja wa MCG.

Tulikwenda kuiona sanamu hiyo. Tangu siku hiyo kijana anashikilia kwamba Stynes alikosea kwa sababu alikuwa Mwayalandi aliyekulia katika mchezo mwingine, na kwamba yeye pia asamehewe kwa kuwa baba yake alimlea na soka. Mimi namwambia kosa ni kosa. Wenye ujuzi, naomba mnieleze mtu huyu alikuwa nani kabla ya kufika huku, mchezo wa kwao unachezwaje, na kama kweli ndio uliomponza siku ile.

Kiungo Mstaafu

Ndugu Baba Wawili, mwanao ana akili, na nitamtetea kwa kiasi fulani. Niliishi Dublin kwa miaka sita, upande wa kusini wa mji, si mbali na klabu ya Ballyboden St Enda's ambako Stynes alilelewa kimchezo, na nilihudhuria mechi za Kigaeli nyingi kuliko za soka.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana bila kuuelewa hutaelewa ni umbali gani kijana huyo alivuka. Timu ina wachezaji 15. Mpira ni wa duara, mdogo kidogo kuliko wa soka. Lango lina umbo la herufi H: ukiuingiza mpira chini ya mtambaa wa panya unapata bao lenye thamani ya pointi 3, na ukiupitisha juu yake, kati ya nguzo, unapata pointi 1 (tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2025, mpira unaopigwa juu kutoka mbali, nje ya tao la mita 40, unahesabiwa pointi 2). Unaruhusiwa kuushika kwa mikono, lakini huruhusiwi kukimbia nao tu kama mwizi wa kuku. Kila baada ya hatua nne ni lazima uudunde chini au uudondoshe kwenye ncha ya kiatu na kuurudisha mikononi mwako, na huwezi kuudunda mara mbili mfululizo. Hilo la kuudondosha kwenye kiatu ndilo moyo wa mchezo. Nimewaona watoto wa shule pale Rathfarnham wakilifanya njiani, begi mgongoni, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, huku wakizungumza na wenzao bila hata kuutazama mpira.

Jambo la pili ni fedha, au tuseme ukosefu wake. Chama kinachosimamia mchezo huu, GAA, kilianzishwa mjini Thurles mwaka 1884, na hadi leo wachezaji wake ni wa ridhaa. Mtu anaweza kucheza fainali mbele ya watazamaji zaidi ya 80,000 katika uwanja wa Croke Park siku ya Jumapili, kisha akarudi darasani kufundisha au kiwandani kufanya kazi katikati ya wiki. Huhami kwenda timu inayokulipa vizuri zaidi kwa sababu hakuna inayolipa. Unaichezea kaunti yako, ile ya kwenu, basi.

Jim Stynes alizaliwa Dublin mwezi wa Aprili mwaka 1966. Mwaka 1984, akiwa na miaka 18, alikuwa katika kikosi cha chipukizi cha Dublin kilichotwaa ubingwa wa Ayalandi nzima kwa kuifunga Tipperary. Wakati ule mechi hiyo ilichezwa kama utangulizi wa fainali ya wakubwa, na siku hiyo hiyo wakubwa wa Dublin walifungwa na Kerry, kwa hiyo vijana ndio waliookoa heshima ya mji. Kwa kijana wa Dublin, njia iliyofuata ilikuwa wazi: kupanda kwenye timu ya wakubwa na kulisaka kombe la Sam Maguire, yaani la ubingwa wa Ayalandi.

Hakuifuata. Klabu ya Melbourne, ikishawishiwa na kocha Ron Barassi, ilikuwa imeanza kutafuta vijana warefu wa Kigaeli ambao wangeweza kufundishwa mpira wa Australia, na ilikuwa imekwisha kumchukua Sean Wight, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kerry. Iliwapa vijana hao nafasi ya kusoma pamoja na kucheza. Stynes alikuwa na mwili walioutaka. Alifikia urefu wa sentimita 199. Akafika Melbourne mwishoni mwa mwaka 1984.

Sasa nirudi kwenye hoja ya mwanao. Katika mpira wa Kigaeli hakuna mtu anayesimama kwenye alama mbele ya mpigaji wa adhabu kama mnavyofanya huko. Wapinzani wote hukaa umbali wa mita 13, na kazi ya kila mmoja ni kumshika mtu wake. Kijana aliyelelewa hivyo akiona mpinzani anachomoka, miguu humkimbilia kabla akili haijauliza. Kwa maoni yangu mpira wa kwao ulichangia kosa lile.

Mwana wa Kilifi

Kiungo Mstaafu, maelezo yako kuhusu mchezo ni mazuri na nimejifunza, lakini hitimisho lako silikubali, na naomba tuitazame mechi yenyewe badala ya kuhukumu kwa asili ya mtu.

Ilikuwa tarehe 19 Septemba 1987, uwanja wa Waverley Park, Melbourne na Hawthorn wakicheza mechi ya kuamua nani aingie fainali kuu kupambana na Carlton. Melbourne walikuwa hawajacheza hatua ya mtoano tangu mwaka 1964. Watu wazima walikuwa wamekua, wakaoa na kuzaa bila kuiona timu yao ikifika hapo, na nahodha Robbie Flower alikuwa akicheza msimu wake wa mwisho. Walikuwa mbele kwa pointi 4 sekunde za mwisho zilipokuwa zikikatika. Hapo Gary Buckenara wa Hawthorn akapewa mpira wa adhabu akiwa zaidi ya mita 50 kutoka langoni. Kwa asiyeujua mchezo huu, lango lina nguzo nne: ukipitisha mpira kati ya mbili za katikati ni pointi 6, ukipita pembeni ni pointi 1. Kwa hiyo Buckenara alihitaji kupiga katikati, na kutoka pale alipokuwa, shabaha hiyo ilikuwa ya kubahatisha.

Stynes akakatiza kati ya mpigaji na mtu aliyesimama kwenye alama. Adhabu wakati ule ilikuwa mita 15. Buckenara akasogea hadi karibu mita 40, akapiga baada ya king'ora cha mwisho kulia, mpira ukapita katikati. Hawthorn 80, Melbourne 78.

Sasa sikilizeni hoja yangu. Kwanza, Stynes hakuwa mgeni wa jana. Alikuwa amemaliza msimu wa 1985 katika timu ya vijana wa chini ya miaka 19, na mwaka 1986 alikuwa amepelekwa kucheza klabu ya Prahran katika ligi ya chini ili apikike. Mtu aliyeucheza mchezo kwa misimu mitatu anaijua sheria ya alama kama anavyolijua jina lake. Pili, Kiungo, wewe mwenyewe umetaja mita 13. Katika mpira wa Kigaeli pia, ukimsogelea mpigaji ndani ya umbali huo, mpira husogezwa mbele. Kwa hiyo kumheshimu mpigaji wa adhabu halikuwa jambo geni kwake. Alilijua tangu utotoni. Kilichomponza ni uchovu, kelele na umri wa miaka 21. Nimewaona Wahawthorn na Wamelbourne waliozaliwa huku wakifanya kosa hilo hilo na hakuna aliyewatafutia kisingizio cha uzawa.

Niongeze jambo moja. Msimu uliofuata, 1988, adhabu hiyo iliongezwa kutoka mita 15 hadi mita 50. Na nimecheka nilipoona kwamba katika mabadiliko ya mwaka 2025 uliyoyataja, mpira wa Kigaeli nao umeingiza adhabu ya kusogeza mpira mita 50. Waayalandi wameliazima fimbo lililomchapa mtoto wao.

Baba Wawili, Footscray

Nawashukuru nyote wawili. Mwana wa Kilifi, mwanangu amesoma jibu lako na amenuna. La Kiungo Mstaafu amelisoma mara mbili.

Kuna jambo linanisumbua, hata hivyo. Nikijiweka katika nafasi ya kijana yule, mbali na kwao, amewakosesha watu fainali waliyoingoja miaka 23, ningepanda ndege ya kwanza kurudi nyumbani na kuucheza mchezo ninaoujua. Dublin wangempokea. Maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini mtu anaweza kwenda kuteka kwenye kisima kingine. Kwa nini alibaki, na alibadilika vipi kiasi cha kupewa sanamu?

Bi Zuwena

Kaka Baba Wawili, ninafanya kazi na vijana hapa hapa jimboni Victoria, na jina la Stynes katika kazi yetu linatajwa zaidi kuliko uwanjani, kwa hiyo niruhusu nijibu upande huo; wa uwanjani nitaupitia haraka.

Alirudi msimu wa 1988 na kufika fainali kuu, ambako Melbourne walifungwa na Hawthorn hao hao kwa tofauti ya pointi 96. Angeweza kukata tamaa mara ya pili. Kilichofuata ni kwamba alianza kucheza na hakuacha. Kati ya mwaka 1987 na 1998 alicheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja, akaivunja rekodi ya Jack Titus wa Richmond iliyokuwa imedumu miongo mingi. Mwaka 1993 aligongana na mwenzake, gegedu za mbavu zikaumia, na ilitarajiwa kwamba angekaa nje wiki kadhaa. Wiki iliyofuata alionekana uwanjani amevaa kinga ya kifua. Katika maisha yake yote alicheza mechi 264, maana yake ni kwamba ukiondoa mwanzo na mwisho wake, hakuna wikiendi aliyowaacha wenzake pungufu.

Nafasi yake ilikuwa ya mrukaji, yule anayeruka na mwenzake wa upande wa pili kuugombea mpira mwamuzi anapoudunda katikati ya uwanja. Warukaji wengi ni watu wazito, hupambana pale pale na kuwaachia wepesi wakimbie. Yeye alikuwa na mapafu ya Kigaeli: akiisha kuruka, anakimbia na viungo wote, uwanja mzima, hadi robo ya nne, wakati mwenzake ameshika kiuno. Mwaka 1991 alipata medali ya Brownlow, ambayo mchezaji bora wa msimu hupewa kwa kura za waamuzi baada ya kila mechi, akiwa na kura 25. Hadi leo hakuna mwingine aliyelelewa kimchezo nje ya Australia aliyeipata.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Stynes alisomea ualimu. Mwaka 1994, akiwa bado mchezaji, yeye na mtengeneza filamu Paul Currie walianzisha shirika la Reach, linalowakutanisha vijana wa sekondari katika vikao vya kuzungumza kuhusu maisha yao. Nimewahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo nikiwa nimeambatana na wasichana wetu. Viti hupangwa kwa duara, hakuna meza, na anayeongoza ni kijana aliyewazidi umri kwa miaka michache tu. Hakuna anayeanza na mafanikio yake. Kijana yule alianza kwa kueleza siku aliyowaangusha watu wote waliomtegemea, kisha akanyamaza na kungoja. Ukimya ulikuwa mrefu mno, nikajikuta natazama viatu vyangu. Msichana mmoja wetu, ambaye kwa miezi minne nilikuwa sijamsikia akitamka zaidi ya "ndiyo" na "hapana", akainua mkono.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini alibaki, nadhani mechi ya 1987 ndiyo iliyomfunga hapa. Angeondoka, angebaki kuwa yule Mwayalandi aliyekatiza. Victoria ilimtangaza kuwa Mvictoria wa Mwaka mara mbili, 2001 na 2003, na si kwa ajili ya mpira peke yake.

Mwaka 2008 klabu ilikuwa imezama katika deni la mamilioni ya dola, na yeye akakubali kuwa rais wake. Katikati ya mwaka 2009 aliwaita waandishi wa habari na kutangaza kwamba ana saratani, ile ya ngozi iliyokwisha kusambaa mwilini. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo zaidi ya mara moja na bado alihudhuria vikao. Mwaka 2010 deni lilikuwa limefutwa. Aliachia urais mwanzoni mwa mwaka 2012 na akafariki tarehe 20 Machi mwaka huo, akiwa na miaka 45. Serikali ya Victoria ilimfanyia mazishi ya kitaifa katika Kanisa Kuu la St Paul's, na waliokosa nafasi ndani walifuatilia kwenye skrini kubwa ng'ambo ya barabara, Federation Square. Klabu ilipokuja kutwaa ubingwa mwaka 2021, wa kwanza tangu ule wa 1964, yeye hakuwepo kuuona.

Kiungo Mstaafu

Bi Zuwena ameeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Nimebakiwa na mambo mawili.

La kwanza ni kwa Mwana wa Kilifi. Kuhusu sheria umenishinda, na ninakiri. Alijua kwamba mpigaji wa adhabu hasogelewi. Lakini kujua sheria ni jambo moja, na mahali macho yanapotazama ni jambo jingine. Katika mpira wa Kigaeli wa miaka ile, beki alitambulishwa kwa namba ya mtu anayemkaba. Ukitoka mapumziko kocha hakuulizi timu inachezaje, anakuuliza mtu wako amepata pointi ngapi. Stynes hakumkimbilia Buckenara. Alimkimbilia mtu aliyekuwa huru, na Buckenara akawa njiani. Hilo ndilo lililompata mtoto wa Baba Wawili vilevile, ingawa yeye hajawahi kuugusa mpira wa Kigaeli, kwa hiyo labda sote wawili tumekosea, na kosa lile ni la kila mchezaji mwenye bidii kuliko utulivu.

La pili ni swali la Baba Wawili kuhusu kurudi nyumbani. Watu wa Dublin hawakumchukia kwa kuondoka, lakini swali la angekuwa nani kama angebaki halikuisha vinywani mwao, na mdogo wake ndiye aliyelijibu kwa niaba yake. Brian Stynes naye alikwenda Melbourne, akacheza mechi 2 tu za kikosi cha kwanza, akarudi. Mwaka 1995 alikuwa katika kikosi cha wakubwa wa Dublin kilichoifunga Tyrone katika fainali kwa pointi moja na kulichukua kombe la Sam Maguire. Kwa hiyo nyumba moja ikapata medali ya Brownlow na ya ubingwa wa Ayalandi, kila moja katika bara lake.

Aliyezipata pande zote mbili yeye mwenyewe ni Tadhg Kennelly wa Kerry. Alitwaa ubingwa wa Australia na Sydney Swans mwaka 2005, na mwishoni mwa mwaka huo huo akafiwa na baba yake, Tim, aliyekuwa nahodha wa Kerry mabingwa wa 1979. Kennelly akaiacha mishahara ya Sydney, akarudi kucheza kwa ridhaa, na mwaka 2009 akatwaa ubingwa wa Ayalandi na Kerry, kama baba yake. Huyo Stynes angemwelewa bila kuelezwa.

Baba Wawili, Footscray

Nimemsomea kijana majibu yote, pamoja na lile la mwisho linalosema kwamba huenda pande zote zimekosea. Amekaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama hapa Melbourne kuna mahali wanauza mpira wa Kigaeli, nikamwambia atumie wa soka. Hivi ninavyoandika yuko kibarazani anaudondosha kwenye ncha ya kiatu. Amefika mara tatu mfululizo, na chungu kimoja cha maua cha mama yake kimekwisha kuvunjika.